Nani Anashika Mausi? Wavulana, Wasichana na Kompyuta Katika Skuli za Ibra, Sur na Nizwa



Ukikaa na wanafunzi wa Kiafrika wanaosoma uhandisi au kompyuta, haupiti muda utamsikia mmoja anasema, eti watoto wa kike hawapendi mashine. Na ushahidi anao: darasani kwao walikuwa watu arobaini, wasichana watatu tu. Wenzake wanatikisa kichwa kukubali, mazungumzo yanahamia kwenye mpira. Anayesema hivyo mara nyingi hana nia ya kumdharau dada yake. Anasema alichokiona. Tatizo ni kwamba alichokiona ni matokeo, na yeye anakieleza kama vile ndiyo sababu.

Katika makala hii nataka tumchukue ndugu yetu huyo mpaka Oman. Na tusiishie Maskati kwenye majumba makubwa, tuingie ndani: Ibra, Sur na Nizwa. Hii ni miji inayoshika mila. Mwanamke anavaa abaya, wanaume na wanawake wana baraza zao mbalimbali, na binti hatembei ovyo usiku. Kwa hesabu ya ndugu yetu, hapa ndipo mahali ambapo msichana angetarajiwa kuwa mbali kabisa na kompyuta. Kumbe mambo yako kinyume, na katika kutafuta kwa nini, tutapata somo kwa ajili ya skuli zetu wenyewe Afrika Mashariki.

Miji yenyewe

Kwa wasioijua, Nizwa ni mji mkuu wa mkoa wa Dakhiliya, mji wa kale wa Maimamu wa Oman, uliozungukwa na mitende na milima. Ibra na Sur ziko Sharqiya, upande wa mashariki. Mpaka mwaka 2011 Sharqiya ilikuwa eneo moja. Mwaka huo ikagawanywa mara mbili, Ibra ikawa makao ya Sharqiya Kaskazini na Sur makao ya Sharqiya Kusini. Sur ni mji wa bahari, na majahazi yake yalikuwa yakishuka na kaskazi mpaka Lamu, Mombasa na Unguja. Ibra nayo ilitoa watu wengi waliohamia Zanzibar na bara.

Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na hasa baada ya 1970 Oman ilipofungua milango, wengi wao au watoto wao walirudi. Walirudi na Kiswahili, ndiyo maana mpaka leo unaweza kuingia nyumba ya Ibra ukapewa kahawa kwa Kiarabu na habari za ukoo kwa Kiswahili. Lakini walirudi na kitu kingine tunachokisahau: wanawake waliosoma. Zanzibar ilikuwa na skuli ya serikali ya wasichana tangu mwaka 1927, na miongoni mwa waliorudi walikuwamo walimu, wauguzi na makarani wanawake, ambao Oman mpya ilikuwa na haja nao sana. Kwa hiyo mtoto wa kike kumuona shangazi au mama mdogo anatoka asubuhi kwenda kazini ofisini, kwa familia hizo halikuwa jambo la ajabu.

Kutoka skuli tatu mpaka maabara ya kompyuta

Mwaka 1970, Sultani Qaboos alipochukua nchi, Oman nzima ilikuwa na skuli tatu tu za serikali, zenye wanafunzi wapatao 900, na wote walikuwa wavulana. Naomba msomaji aishike namba hiyo. Msichana hakuwamo hata mmoja.

Skuli zikaanza kujengwa kwa kasi, za wavulana na za wasichana. Halafu katika mwaka wa masomo wa 1998/99 serikali ikaanzisha mpango mpya ulioitwa Elimu ya Msingi, ukaenezwa skuli baada ya skuli. Mpango huo ulibadilisha mengi, lakini kwa mada yetu kuna mambo matatu ya kuangalia.

La kwanza, kompyuta iliwekwa kuwa somo tangu darasa la 1. Haikuwa klabu ya baada ya masomo wala somo la kuchagua. Imo ndani ya ratiba kama hesabu na Kiarabu, na kila mtoto anasoma. Maktaba ya skuli nayo ikageuzwa kituo cha nyenzo za kujifunzia, chenye vitabu na kompyuta pamoja.

La pili, darasa la 1 mpaka la 4 watoto wa kike na wa kiume wanasoma pamoja, na walimu wao ni wanawake. Hebu fikirini maana yake. Mtu wa kwanza anayemuonyesha mtoto wa Nizwa namna ya kuwasha kompyuta, kushika mausi na kuandika jina lake kwenye skrini, ni mwanamke. Kwa mvulana na kwa msichana, fundi wa kwanza wa kompyuta wanayemjua ni mwalimu wa kike.

La tatu, kuanzia darasa la 5 wanatenganishwa. Wavulana wanakwenda skuli yao na walimu wanaume, wasichana skuli yao na walimu wanawake. Kwa hiyo maabara ya kompyuta ya skuli ya wasichana haina mvulana hata mmoja. Anayewasha mashine ni msichana, anayehangaika na printa ikigoma ni msichana, na anayejulikana skuli nzima kuwa "huyu ndiye hodari wa kompyuta" ni msichana vilevile. Hakuna wa kumwambia "toka nikuonyeshe".

Waliotenga skuli hizo walikuwa wakifuata mila na dini yao. Hawakukusudia kumsaidia msichana kwenye kompyuta. Lakini mara nyingine jambo lililowekwa kwa sababu moja huleta faida ya pili.

Namba zinasema nini?

Kwanza hesabu, kwa sababu hesabu ndiyo msingi wa kompyuta na uhandisi. Oman iliingia katika mtihani wa kimataifa wa TIMSS mwaka 2007. Katika hesabu za darasa la 8, wasichana wa Oman walipata wastani wa alama 399 na wavulana 344. Mwaka 2011 wasichana walipata 397, wavulana wakashuka mpaka 334. Tofauti ya alama 63! Kusema kweli alama zote hizo ziko chini ya 500, ambayo ndiyo katikati ya kipimo, kwa hiyo si wasichana wala wavulana wa kupigiwa vigelegele. Lakini pengo lenyewe lilikuwa miongoni mwa mapengo makubwa kabisa duniani, na lilikuwa upande ambao ndugu yetu wa mwanzo asingelitarajia.

Pili, uhandisi wenyewe. Ripoti ya Sayansi ya UNESCO ya mwaka 2015 iliwaweka wanawake kuwa asilimia 53 ya waliohitimu uhandisi Oman. Zaidi ya nusu. Sisi tunaosoma uhandisi tuangalie kushoto na kulia kwenye kumbi zetu za mihadhara, Afrika au Ulaya, tujiulize kama tumewahi kuona kitu kama hicho.

Tatu, kompyuta. Kuna utafiti wa kimataifa unaoitwa ICILS, unaopima watoto wa darasa la 8 wanavyotumia kompyuta kutafuta habari, kuzipima na kuziwasilisha. Mwaka 2018 wastani wa wasichana katika nchi zilizoshiriki ulikuwa 505, wa wavulana 488. Katika sehemu ya pili ya mtihani huo, inayopima kufikiri kwa hatua kama mwandishi wa programu, wavulana walitangulia kidogo. Oman iliingia katika utafiti huo mwaka 2023, na mwaka huo pia, kwa wastani wa kimataifa, wasichana walikuwa mbele katika matumizi ya kompyuta.

Basi tuseme nini? Kwamba wasichana wana akili zaidi ya wavulana? La hasha. Hilo litakuwa kosa lilelile la ndugu yetu, limegeuzwa tu. Namba hizi zinaonyesha kitu kimoja: uhusiano wa mtoto na kompyuta unabadilika kufuatana na namna tulivyopanga skuli na nyumba. Ungekuwa umeumbwa ndani ya mtoto, usingekuwa mmoja Nizwa na mwingine Kampala.

Kampala, na wasichana wasiokimbia

Na hapa naomba turudi kwetu kidogo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Benki ya Dunia ilikuwa na programu iliyoitwa World Links, iliyopeleka kompyuta na intaneti katika skuli za sekondari za nchi kadhaa, Uganda ikiwamo. Baadaye ukafanywa utafiti katika nchi nne za Afrika, yaani Uganda, Ghana, Senegal na Mauritania, kuangalia kama wasichana na wavulana wamefaidika sawa.

Kwa Uganda na Ghana walikuta kwamba kompyuta zilikuwa chache, wanafunzi wengi, na utaratibu ulikuwa wa anayewahi ndiye anayekaa. Kengele ikilia, wavulana wanatimua mbio mpaka maabara. Wasichana hawakimbii, kwa sababu msichana mkubwa kukimbia mbele za watu ni aibu, wamefunzwa hivyo tangu wadogo. Wanafika wakitembea kwa heshima zao, viti vimeshajaa, na aliyekaa haondoki. Mwenye nguvu mpishe. Jioni nako hakuna nafasi, kwa sababu wasichana walitakiwa kurudi mapema bwenini, na wa kutwa walikuwa na kazi za nyumbani zinawangoja.

Kwenye karatasi, skuli hizo zilikuwa wazi kwa wote. Hakuna mwalimu aliyemkataza msichana kugusa kompyuta, wala mlangoni hapakuwa na tangazo. Lakini mwisho wa mwaka mwenye kuhesabu atakuta wavulana wanajua na wasichana hawajui, na atasema: mnaona, hawapendi mashine.

Marekani nao wana kisa chao. Programu za ENIAC, moja ya kompyuta za elektroniki za mwanzo kabisa, ziliandikwa na wanawake sita katikati ya miaka ya 1940. Mwaka 1984 wanawake walikuwa asilimia 37 ya waliopata shahada ya kwanza ya kompyuta nchini humo. Baada ya hapo asilimia ikaanza kuporomoka, mpaka ikafika chini ya 20. Kilitokea nini? Kompyuta iliingia majumbani, ikauzwa kama mchezo wa wavulana, na ikawekwa chumbani kwa mvulana. Watafiti Jane Margolis na Allan Fisher waliliona hilo katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon: wavulana walikuwa wakifika chuoni wameshachezea kompyuta kwa miaka, na masomo yalipangwa kana kwamba kila mtu amefanya hivyo. Chuo kilipobadilisha utaratibu wake, wanawake walioingia kusoma kompyuta walipanda kutoka asilimia 7 mwaka 1995 mpaka 42 mwaka 2000. Ni miaka mitano tu, na maumbile ya binadamu hayabadiliki kwa miaka mitano.

Tupige hesabu kidogo

Mimi ni mtu wa uhandisi, sasa mniwie radhi, lazima nipige hesabu. Tuchukue mfano wa kubuni. Skuli ina kompyuta 10, darasa lina watoto 40, kipindi ni kimoja kwa wiki cha dakika 40, na mwaka una wiki 30 za masomo. Kila mashine wanakaa watoto wanne.

Wakigawana sawa, kila mtoto anashika mausi dakika 10 kwa kipindi. Kwa mwaka ni dakika 300, yaani saa 5. Saa tano kwa mwaka mzima! Hiyo ndiyo haki yake ikitimizwa.

Sasa tuseme kwenye kila mashine kuna mmoja mwepesi, kwao kompyuta ipo, anakamata mausi dakika 25. Waliobaki watatu wanagawana dakika 15, kila mmoja 5. Mwisho wa mwaka huyu mmoja ana saa 12 na nusu, mwenzake ana saa 2 na nusu. Mara tano. Na huyo mwepesi akirudi nyumbani akikaa kwenye kompyuta saa moja kila siku, kwa wiki moja tu ameshapita saa zote ambazo mwenzake angepata skuli kwa mwaka.

Katika daftari la mahudhurio wote wanne wamehudhuria kipindi. Kwa hiyo tukiuliza "wasichana wangapi wanasoma kompyuta?" tunaweza kupata jibu zuri kabisa lisilo na maana yoyote. Swali linalofaa ni nani alishika mausi, na kwa dakika ngapi. Bomba la maji hata liwe pana vipi, maji yatapita kwa kadiri ya sehemu yake nyembamba. Darasani, sehemu nyembamba ni ile mausi moja.

Skuli ya wasichana ya Ibra haikuondoa uhaba wa mashine. Kuna kugombania huko pia, na kuna msichana mwepesi na msichana mzito. Lakini angalau iliondoa jambo moja: mausi haiangukii mikononi mwa mvulana kila siku.

Kengele ya mwisho ikilia

Hata hivyo, nitakuwa sikuwatendea haki nikiishia hapo, mkadhani Sharqiya na Dakhiliya ni pepo ya wasichana na kompyuta. Skuli ni nusu ya siku. Kengele ya mwisho ikilia, mambo yanageuka.

Miaka ya 2000, wakati kompyuta za nyumbani zilikuwa bado chache, intaneti ya miji hii ilikuwa kwenye mikahawa. Mkahawa wa intaneti ulikuwa mahali pa vijana wa kiume. Mvulana baada ya Maghrib anakwenda na wenziwe, analipa baisa zake, anacheza, anaharibu, anatengeneza, anajifunza. Dada yake aliyemshinda darasani anabaki nyumbani. Hakukatazwa kusoma kompyuta, alikatazwa mkahawa. Lakini ujuzi wa kompyuta kwa sehemu kubwa unapatikana kwa kuchezea bila mwalimu, na mahali pa kuchezea palikuwa pa mmoja.

Leo simu ya mkononi imeufanya mkahawa huo usiwe na kazi. Kila binti ana intaneti mfukoni. Hii ni hatua kubwa, ila tusijidanganye: simu imetengenezwa kwa ajili ya kutumia. Ukitaka kuandika programu, kuchora mchoro wa mashine au kupanga hesabu ndefu, unahitaji kompyuta yenye kibodi, na muda wa utulivu wa kukaa nayo. Skuli zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, nyumba nyingi duniani ziligundua tofauti hiyo, pale ndugu wanne wanapokuwa na kompyuta moja na wote wana masomo saa moja. Hapo ndipo unapojua nani anaambiwa "wewe ngoja, kamsaidie mama kwanza".

Halafu kuna masafa. Kutoka Sur mpaka Maskati ni kama kilomita 200. Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kilipofunguliwa mwaka 1986, msichana wa Sur au Ibra aliyefaulu ilibidi akaishi mbali na wazee wake. Wapo waliokwenda, na wapo ambao baba alisema hapana. Kilichosaidia hapa hakikuwa hotuba za kuwahamasisha wasichana. Vyuo vilisogezwa karibu. Sur ilipata chuo chake binafsi mwaka 2001. Chuo Kikuu cha Nizwa kikafunguliwa 2004. Ibra na Nizwa zikawa na vyuo vya teknolojia, Sur na Nizwa vyuo vya sayansi tumizi, na baadaye Ibra ikapata Chuo Kikuu cha Sharqiya. Mwaka 2020 vyuo vya teknolojia na vya sayansi tumizi viliunganishwa vikawa chuo kikuu kimoja cha serikali chenye matawi. Binti akawa anaweza kusoma teknolojia ya habari na kurudi kulala kwao. Tena tangu 2006 maombi ya kuingia vyuoni yanapitia kituo kimoja cha taifa kwa njia ya intaneti, kwa hiyo hata ile safari ya kupeleka karatasi Maskati imekwisha.

Lakini kuna mlango mmoja bado mgumu, nao ni kazi. Katika Oman kiwango cha wanawake walioko katika soko la ajira hakifiki nusu ya kile cha wanaume. Yaani nchi inasomesha wahandisi wanawake kwa wingi kuliko nchi nyingi tajiri, halafu wengi wao hawafiki kwenye kazi. Kampuni iko Maskati au Sohar, au kazi ni ya zamu jangwani, au mwenye kuajiri anauliza maswali ambayo kaka yake hakuulizwa. Mtoto wa darasa la 7 hajui habari za soko la ajira, lakini anamuona dada yake mkubwa amekaa nyumbani na shahada ya kompyuta ukutani. Hilo nalo ni somo, na halifundishwi na mwalimu.

Na wavulana je?

Katika mijadala ya jinsia kuna tabia ya kuongea kana kwamba mvulana hana tatizo. Namba za hapo juu zinasema anaye, tena kubwa. Ripoti ya Wizara ya Elimu ya Oman na Benki ya Dunia ya mwaka 2012 ililitaja waziwazi suala la wavulana kubaki nyuma.

Sababu zinazotajwa ni kadhaa. Mvulana anajua kuna jeshi, polisi na kazi nyingine ambazo hazimdai alama za juu, kwa hiyo haoni haraka. Msichana anajua kuwa alama ndiyo njia yake karibu pekee, kwa hiyo anakaza. Walimu wa skuli za wasichana wengi ni wanawake wa Kiomani wanaojua mazingira ya watoto. Skuli za wavulana zilitegemea zaidi walimu wa kigeni, wanaokuja na kuondoka. Na kule mvulana alikopata uhuru wa mkahawa na mtaa, hakuna aliyemsaidia kuugeuza ule mchezo wa kompyuta kuwa elimu. Anaweza kuwa bingwa wa michezo yote, na mtihani wa kompyuta ukampiga chini.

Kwa hiyo msichana ana skuli bila mtaa, na mvulana ana mtaa bila skuli. Kila mmoja amepewa nusu. Ndiyo maana sipendi kuulizwa "nani anaongoza?" kana kwamba ni Simba na Yanga.

Sisi tufanye nini?

Naandika haya kwa sababu jumuiya kama yetu hupenda kukusanya kompyuta zilizotumika na kuzipeleka nyumbani, na wengi wetu tukirudi tutakuwa walimu, wahandisi, au wazazi wenye sauti kwenye kamati za skuli. Serikali nazo zinaendelea. Kenya kwa mfano ilianza mwaka 2016 kugawa vishikwambi kwa watoto wa darasa la kwanza. Vifaa vitafika. Swali ni vitatumiwa na nani. Hatuhitaji kutenganisha skuli zetu kama Oman, lakini yapo mambo ya kuiga ambayo hayagharimu hata shilingi.

Kwanza, tuondoe utaratibu wa anayewahi ndiye anayekaa. Majina yapangwe kwa zamu ukutani, kila mtu na saa yake. Asiyekimbia asiadhibiwe kwa heshima yake.

Pili, ndani ya kipindi mausi izunguke. Mwalimu awe na saa, kila dakika kumi apige makofi, mausi inahamia kwa mwingine. Jambo dogo kama hilo linaweza kuondoa ile tofauti ya mara tano.

Tatu, saa za wasichana ziwe za mchana. Maabara inayofunguliwa usiku tu imeshachagua wanafunzi wake, hata kama mlangoni imeandikwa "karibuni wote".

Nne, watoto wamuone mwanamke akifundisha kompyuta tangu wadogo. Pale ambapo mwalimu wa kike hayupo, mwanafunzi wa kike wa madarasa ya juu anaweza kuwafundisha wadogo zake Jumamosi.

Tano, tuzungumze na wazazi, hasa akina mama. Binti akipunguziwa kazi za jikoni saa moja kwa siku, hiyo ni zawadi kubwa kuliko kompyuta mpya. Na kaka yake akizichukua hizo kazi, hatakufa.

Sita, mvulana asiachwe na michezo peke yake. Anayependa mchezo apewe kazi ya kutengeneza wa kwake, hata mdogo, aone kwamba hesabu za darasani ndizo zinazousukuma.

Na la mwisho, tuhesabu. Atakayepeleka kompyuta kijijini kwao apeleke na daftari moja. Aandike kila siku ni nani aliyekaa kwenye kibodi na kwa dakika ngapi, wa kike na wa kiume. Baada ya muhula mmoja alifungue. Daftari hilo litamwambia mengi kuliko picha za ufunguzi na hotuba za wageni wa heshima.

Akikutana tena na yule ndugu yetu wa "wasichana watatu kati ya arobaini", asibishane naye. Amuulize tu: huko sekondari, kengele ilipolia, nani alikuwa anakimbia, na nani alikuwa anafika viti vimejaa?